Bonde letu la mpunga Pemba limeingiwa na maji ya chumvi: tujenge tuta, tubadili mbegu, au tuliachie mikoko?

Mwana wa Bondeni (mwenye swali)

Assalaam alaykum, ndugu zangu.

Naandika kwa niaba ya mama yangu na wakulima wenzake, wengi wao akina mama, wanaolima mpunga katika bonde moja la wilaya ya Wete, Pemba. Bonde hilo linashuka kutoka kwenye mikarafuu na migomba hadi ukingoni mwa mikoko, na vipande vyake vya chini kabisa viko hatua kama mia mbili tu kutoka pale bahari inapofika wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Nilipokuwa mdogo, vipande hivyo vya chini ndivyo vilivyokuwa vikigombewa, kwa sababu maji ya mvua yalituama huko muda mrefu na mpunga wake haukutishwa na jua la siku kumi katikati ya masika. Leo ndivyo vinavyoachwa mwanzo.

Mama ana vipande vinne. Cha chini kabisa hakijalimwa misimu mitatu sasa, na wakati wa kiangazi udongo wake huota ukoko mweupe ambao mbuzi huja kuulamba. Kinachofuata alikilima masika iliyopita. Miche ilishika vizuri kwa wiki mbili, kisha ncha za majani zikaanza kukauka na kuwa nyeupe, kama zilizopitishwa juu ya moto, na kwa mabaka: hapa kijani, hatua tatu mbele pamekufa. Iliyobaki ikatoa mashuke, nasi tukapata matumaini. Siku ya kuvuna mama alikata shuke moja mbele yangu, akalisugua baina ya viganja na kupuliza. Mapepe yakaruka yote, na kiganjani zikabaki punje tisa.

Zamani mavuno ya vipande vyote vinne yalitulisha miezi saba hivi kabla hatujaanza kununua mchele dukani. Mwaka jana hayakufika miezi mitatu.

Sasa wakulima wamegawika. Wengi wanataka tujenge tuta kwa mikono yetu, urefu wa mita 300 hivi, kulizuia bamvua. Wengine wanasema tutafute mbegu inayostahamili chumvi na tusijichoshe na udongo. Wazee wawili watatu wanasema sehemu ya chini imeshakuwa ya bahari na tuirudishe kwa mikoko. Kuna pia ubishi wa chanzo: wengine wanalaumu mabadiliko ya tabianchi, wengine wanasema ni sisi wenyewe tuliokata mikoko kwa kuni na kwa kuchomea chokaa. Aliyewahi kufanya kazi katika mabonde kama haya atusaidie, kwa sababu nguvu tuliyonayo inatosha jambo moja tu kwa msimu.

Bibi Shamba Mstaafu

Wa alaykum salaam, mwanangu, na umfikishie mama salamu zangu.

Nimetembea katika mabonde ya Pemba na Unguja kwa miaka mingi, na hilo unaloeleza nimeliona zaidi ya mara moja. Nianze na chanzo, kwa kifupi, maana najua vikao vinavyoweza kuliwa na ubishi huo hadi magharibi. Bahari imepanda kweli: kwa wastani wa dunia, baina ya 1901 na 2018 ilipanda kama sentimita 20, na kati ya 2006 na 2018 kasi yake ilikuwa karibu milimita 3.7 kwa mwaka. Mtu akisikia sentimita 20 hucheka, kwa kuwa bamvua letu hupanda na kushuka karibu mita 4. Lakini mashamba yenu yapo ukingoni mwa maji yanapokomea, na katika bonde ambalo ni bapa kama sahani, kiganja kimoja cha kimo ni hatua nyingi za mlalo. Bamvua ambalo zamani lilikuwa likikomea kwenye mikandaa, aina mojawapo ya mikoko, sasa linafika kwenye mpunga.

Hilo ni nusu ya habari, na kwa maoni yangu ni nusu ndogo. Jambo ambalo wakulima hawalioni kwa macho ni kwamba chumvi haiji kwa juu tu. Chini ya bonde, maji baridi ya mvua hulala juu ya maji ya chumvi na kuyasukuma yarudi baharini. Masika ikiwa ya kawaida na ya kufuatana, uzito huo unatosha. Siku hizi mvua hukawia, kisha hunyesha kwa vishindo viwili vitatu vinavyokimbilia baharini, kisha jua kali la wiki mbili. Katika wiki hizo mbili maji hupanda kutoka chini, huvukizwa na jua, na chumvi hubaki juu. Ndiyo maana utaona kipande kinaungua ilhali bahari haikukifikia. Mkichimba visima vya kumwagilia karibu na pwani mkavivuta sana, mnaiita chumvi kwa mkono wenu wenyewe. Na mikoko iliyokatwa nayo inahusika, kwa sababu mizizi yake ndiyo inayoshika tope na kuvunja nguvu ya wimbi.

Mpunga wenyewe una tabia ya ajabu kidogo. Mbegu huota bila shida katika chumvi ya kiasi, na ndiyo maana miche yenu ilishika. Unaodhurika ni mche mchanga wenye majani mawili au matatu, kisha unadhurika tena wakati wa kuchanua. Chumvi ikizidi desisimensi 3 kwa mita, ndicho kipimo cha kipima chumvi, mavuno huanza kupungua, na kila kipimo 1 kinachoongezeka huondoa kama asilimia 12. Kwa hiyo udongo ukifika 6, umeshapoteza zaidi ya theluthi. Maji ya bahari yana kama 50. Piga hesabu mwenyewe: debe 1 la maji ya bahari katika madebe 16 ya maji ya mvua linatosha kukufikisha kwenye mpaka.

Kuhusu tuta, sisemi msijenge. Ila tuta la mchanga ni la bure. Litafutieni udongo wa mfinyanzi, lipigwe tabaka kwa tabaka, liwe pana chini. Halafu kaa watalitoboa. Nimeona tuta lililochukua kiangazi kizima kulijenga likapasuka kwenye tundu ambalo mtoto angeliziba kwa kisigino, kwa sababu hakukuwa na mtu aliyepewa kazi ya kulipitia kabla ya kila bamvua. Na kubwa kuliko yote ni mlango wa maji. Tuta lisilo na mlango unaofunguka kuelekea baharini na kujifunga maji yanapojaa litazuia mvua isitoke kama linavyozuia bahari isiingie, na bahari ikivuka mara moja tu, chumvi yake itabaki ndani kama maji katika beseni. Kule Kisiwa Panza, wilaya ya Mkoani, umejengwa ukuta wa kuzuia bahari, nanyi mna jamaa huko bila shaka. Nendeni mkautazame, na muwaulize wanaoishi nao kuliko kuwauliza waliouzindua.

Mlinzi wa Dungu

Salaam kutoka delta ya Rufiji. Huku kwetu mpunga unalimwa kati ya mikoko kwa vizazi, kwa hiyo naomba niseme neno kwa wale wazee wawili watatu, maana naona hawana mtetezi.

Mto wetu ndio unaotulimia. Unaposhuka na maji mengi, hata bamvua likijaa, maji yanayosukumwa kwenye mashamba ni baridi, na mpunga unakunywa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mkondo mkubwa ulihamia upande wa kaskazini. Kaskazini wakapata maji baridi, na kusini mashamba yakaonja chumvi. Hakuna tuta lililojengwa wala kubomoka. Maji baridi yalihama tu, na kilimo kikahama nayo. Ndiyo maana namuunga mkono Bibi anaposema tazameni maji yanayotoka juu kabla ya kutazama bahari. Mafuriko nayo ni shari ya upande wa pili: Aprili 2024 maji yaliufunika mpunga Rufiji na Kibiti ukiwa shambani, na mtu aliyekuwa akihesabu magunia akabaki anahesabu paa zilizojitokeza.

Kuhusu kukata mikoko, tumefanya hivyo sana na sijivunii. Unakata, unachoma, unapanda katikati ya visiki, na miaka ya mwanzo mpunga unapendeza. Baada ya miaka kadhaa magugu na kaa wanakushinda, unaliacha shamba na kukata jingine. Lile uliloliacha halirudi kuwa mikoko upesi. Kwa hiyo kama kipande cha chini cha mama yako kimeshakaa misimu mitatu bila kulimwa na mbuzi wanalamba chumvi juu yake, mimi ningekipa mchu, mmoja wa miti ya mikoko. Mchu unastahamili chumvi kali kuliko mikoko mingine mingi, na ukishika utakivunjia mawimbi kipande cha pili. Unapoteza kimoja ili upate kukaa na vitatu.

Neno moja la kazi: kaa hukata miche michanga kama mkasi. Sisi huku tunapandikiza miche mirefu, iliyokomaa, ili shina liwe gumu. Nadhani hata kwa chumvi inasaidia, ila hilo nawaachia wataalamu.

Kijana wa Dakawa

Nimesoma yote kwa makini, na kwa heshima naona tunazunguka. Dawa ya mvua zisizoeleweka inajulikana: kilimo shadidi. Njia hii ilianzia Madagaska katika miaka ya 1980, na hapa Morogoro wakulima wa Mkindo wameitumia. Unapandikiza mche wa siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na hutuamishi maji muda wote. Unalowesha, unaacha shamba likauke kidogo, unalowesha tena. Mbegu kidogo, maji kidogo, machipukizi mengi. Na kwa kuwa jaruba, yaani kipande cha mpunga kilichozungushiwa kingo, halikai na maji muda wote, gesi ya methani inayotoka shambani hupungua, kwa hiyo mkulima anasaidia hata upande wa tabianchi. Tumieni SARO 5, mbegu iliyotoka Dakawa, muachane na mbegu ya Supa ambayo inakaa shambani muda mrefu na kulala upepo ukivuma. Tuta la mita 300 kwa mikono mnapoteza nguvu bure.

Bibi Shamba Mstaafu

Kijana wangu, kilimo shadidi nakipenda na nimekifundisha, na kwa bonde lenye maji baridi na mfereji unaofungwa na kufunguliwa ningekubaliana nawe kila neno. Huko Unguja, katika mabonde ya umwagiliaji kama Cheju na Kibokwa, na hapa Pemba Mlemele, mtu mwenye mfereji anaweza kukijaribu. Ila usikipeleke kwenye chumvi. Tazama mambo mawili uliyoyasema mwenyewe. Mche wa siku 8 ndio ule mche mchanga niliosema hauvumilii chumvi, na ukiwa mmoja ukifa hakuna wa kushika nafasi yake. Na kuliacha shamba likauke kidogo katika udongo wenye chumvi ni kuifungulia chumvi njia ya kupanda juu. Kwenye bonde la hawa wenzetu inatakiwa kinyume: miche ya siku 30 hadi 35, miwili mitatu kwa shina, na maji baridi yasiondoke juu ya udongo hata siku moja mpaka mpunga upite wakati wa kuchanua. Ndugu yetu wa Rufiji amelifikia jambo hilohilo kwa njia ya kaa.

Hili la kuosha ndilo ningelianza, kabla ya tuta na kabla ya mbegu. Rekebisheni kingo za majaruba kiangazi hiki, jembe linatosha. Mvua za mwanzo za masika msizipandie. Zifungieni ndani ya jaruba, chavangeni tope ili chumvi iyeyuke, acheni siku mbili tatu, kisha fungueni maji yote yatoke bahari inapokuwa imekupwa. Rudieni mara mbili, na mvua zikikubali mara tatu. Ndipo mpandikize. Kitalu kiwe juu, kando ya migomba, mahali penye maji matamu. Ni kazi, na mtachelewa kupanda, na mkichelewa mtaogopa mvua kukatika. Hofu hiyo ni ya haki, kwa hiyo chagueni mbegu ya muda mfupi kidogo kuliko Supa ya mama.

Ama mbegu za chumvi, zipo. Tanzania imetoa mbegu kama SATO 1 kwa ajili ya maeneo hayo, na ulizeni kwa watafiti wa kilimo wa Kizimbani kama ina nafasi katika mabonde yenu. Lakini mbegu hiyo inakuongezea vipimo vichache, haikupi bahari. Watu wa Kerala, India, wana mpunga wa kale uitwao Pokkali unaosifika duniani kwa kustahamili chumvi, nao pia husubiri mvua za kusi zioshe mashamba ndipo wapande. Msimu wa chumvi ukirudi, katika shamba lilelile hufuga kamba wa baharini. Hata mwenye mbegu bora hajaacha kuosha.

Daftari la Deni

Mimi si mkulima, nina duka la vyakula Mkoani, na ninaandika kwa sababu mnazungumzia shamba tu ilhali njaa huanzia kwangu.

Mavuno yakianguka bondeni mimi hujua kabla ya Idara ya Kilimo kujua, kwa sababu daftari la mkopo huanza kujaa mwezi wa tisa badala ya mwezi wa pili. Wengi huchukua mchele wa mapembe, kilo moja kwa siku, wengine nusu kilo, na huniambia andika, karafuu zikizaa nitalipa. Karafuu zisipozaa tunatazamana. Mwaka 2023 India, ambayo huuza karibu asilimia 40 ya mchele unaovuka mipaka duniani, ilizuia mchele wake mweupe usio basmati kutoka nje tangu Julai, na haikuondoa zuio hilo mpaka Septemba 2024. Sikuwa na namna ya kumweleza mama mwenye watoto sita kwamba bei imepanda dukani kwangu kwa uamuzi uliopitishwa New Delhi. Na sababu waliyoitoa wao ilikuwa nini? Kulinda bei ya mchele nyumbani kwao, baada ya mvua zao nao kwenda mrama.

Kwa hiyo nawaomba wanaopiga hesabu ya tuta wasiseme tu mpunga wa vipande vitatu una thamani ya shilingi ngapi, maana ukiuweka sokoni ni fedha ndogo, na mtu wa ofisini atakuambia ni rahisi kununua kuliko kulima. Kati ya watu wangu wa daftari, wenye hata gunia mbili za mpunga wao ndani ya nyumba huja kununua mafuta na sukari na huchagua siku ya kununua mchele, bei ikiwa nafuu. Wasio nao hununua kwa bei yoyote ya siku hiyo. Wakati wa bei kubwa ndipo wanapouza mbuzi, na kiwanja kimoja nakijua kiliuzwa.

Mwana wa Bondeni

Nawashukuru nyote, na naomba radhi kwa kuchelewa kurudi. Nilikuwa Pemba wiki mbili.

Nimefanya jambo moja dogo. Niliazima kipima chumvi kwa rafiki yangu anayefanya kazi ya visima, nikachimba mashimo ya kina cha mkono katika vipande vyote vinne na kupima maji yaliyojikusanya. Kipande cha chini kabisa kilitoa desisimensi 19. Cha pili 7. Cha tatu 4. Cha juu kabisa hakikufika 1. Mama alikuwa akionja kila shimo kwa ncha ya ulimi kabla sijapima, na alivipanga vyote kwa mpangilio sahihi, kisha akaniuliza mashine hiyo nimeiazima kwa kazi gani.

Jambo la pili lilinishangaza. Kipande cha tatu hakijawahi kufikiwa na bahari, wazee wote wamelithibitisha hilo, na bado kina 4. Kwa hiyo tuta peke yake lisingekiponya. Nilipoyasoma maneno ya Bibi kikaoni kuhusu mlango wa maji, aliyekuwa mtetezi mkubwa wa tuta alinyamaza, kisha akakumbuka kwamba tuta dogo la zamani, lililojengwa na baba zao, lilikuwa na gogo la mnazi lililotobolewa na kuzibwa kwa kifuniko cha mbao kilichoning'inia upande wa bahari. Lilioza, hakuna aliyelirudisha, na hakuna aliyejua lilikuwa la nini.

Tuliyokubaliana ni haya, na kama tumekosea mtusahihishe mapema. Kipande cha chini cha kila mmoja kinaachiwa mchu, isipokuwa mkulima mmoja ambaye amekataa na hatukumlazimisha, kwa kuwa hana kipande kingine. Tuta halijengwi mwaka huu. Badala yake tunaziinua kingo za majaruba ya safu ya pili na ya tatu na kurudisha mlango kwenye tuta la zamani. Masika ikianza tutaosha mara mbili kabla ya kupandikiza. Mama amekubali miche ya siku 30, ila Supa yake hataiacha katika kipande cha juu, na sikubishana naye.

Swali limebaki moja kwa Bibi. Bamvua kubwa la Machi huangukia siku zilezile ambazo mvua za kwanza za kuoshea zinatarajiwa, na wakati wa bamvua kupwa moja kati ya mbili za siku huangukia usiku. Maji yakiwa yamefungiwa jarubani na chumvi imeshayeyuka, je, tunaweza kuyashikilia siku tano sita mpaka maji mafu, bahari inapojaa kidogo, au yatarudi kuzama na chumvi yake? Kama hayawezi kungoja, itabidi tupange zamu ya usiku ya kufungua majaruba, na akina mama wameshaniuliza nani atakayeshika taa.